Marie-Claire Alain, mpiga ogani na mwalimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wapiga kinanda wa kwaya, wanafunzi wa muziki na wasikilizaji wa kawaida huuliza maswali yanayofanana kuhusu mama huyu. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri yanavyostahili: mengine kwa kirefu, mengine kwa mistari michache.

Marie-Claire Alain ni nani?

Ni mpiga ogani wa Ufaransa. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1926 katika mji wa Saint-Germain-en-Laye, magharibi mwa Paris, na alifariki tarehe 26 Februari 2013 katika mji jirani wa Le Pecq akiwa na umri wa miaka 86. Alipiga katika maonyesho zaidi ya 2,000 duniani, akaacha rekodi zaidi ya 260, na wengi humhesabu kuwa mpiga ogani wa muziki wa klasiki aliyerekodi kuliko wote. Kazi za ogani za Johann Sebastian Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, alizirekodi zote, mwanzo hadi mwisho, mara tatu.

Wakati huohuo alikuwa mwalimu aliyefuatwa na wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani, na alikuwa mpiga ogani wa parokia ya kwao, yule anayekaa juu kwenye roshani Jumapili na kusindikiza waumini. Watu hupenda kumgawa: msanii wa tamasha huku, mwalimu kule, mama wa parokia pale. Mimi naona ilikuwa kazi moja. Alichokigundua darasani kilibadilisha rekodi zake, na alichokisikia kwenye ogani za ugenini alirudi nacho darasani. Ukishaliona hilo, maswali mengi ya hapa chini yanajijibu yenyewe.

Ogani inayozungumziwa ni hiki kinanda chetu cha kanisani?

Ni ukoo mmoja, lakini si kitu kimoja. Kinanda cha umeme hutoa sauti kwenye spika. Ogani ya mabomba hutoa sauti kwa upepo. Zamani mivukuto ilisukumwa na watu, siku hizi kuna feni ya umeme, na hewa hujazwa kwenye sanduku kubwa la mbao. Mpigaji akibonyeza nota, vali ndogo hufunguka chini ya bomba, hewa hupita, bomba linalia. Kila bomba hutoa nota moja tu, kwa rangi moja tu ya sauti, na ndiyo maana ogani kubwa ina mabomba kwa maelfu. Bomba la chini kabisa katika safu ya kawaida lina urefu wa karibu mita 2.4. Safu za besi zinazopigwa kwa miguu hufika karibu mita 4.9, na katika makanisa makubwa zipo zinazokaribia mita 10. Hizo unazisikia kifuani kabla hazijafika sikioni.

Mpigaji hukaa mbele ya kibodi mbili, tatu, nne au hata tano zilizopangwa ngazi kwa ngazi. Chini ya miguu ana kibodi nyingine ya mbao, yenye nota zipatazo 30, ambayo huipiga kwa ncha ya kiatu na kisigino. Kulia na kushoto kwake kuna vishikio vya kuvuta. Kila kishikio hufungulia safu moja ya mabomba, na safu hiyo huitwa rejista. Kuchagua rejista zipi zilie pamoja ni nusu ya ufundi wenyewe.

Jambo la kushika ni hili: hakuna ogani mbili zinazofanana. Kila moja ilijengwa kwa ajili ya jengo lake, kwa mkono wa fundi wake, katika enzi yake. Mpiga gitaa husafiri na gitaa lake. Mpiga ogani husafiri na nota zake na viatu vyake, kisha anakuta chombo ambacho hakijui.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Familia ambayo ogani ilikuwa ndani ya nyumba, na ninaposema ndani ya nyumba namaanisha sebuleni. Baba yake, Albert Alain (1880–1971), alikuwa mpiga ogani na mtunzi, mwanafunzi wa Alexandre Guilmant na Louis Vierne. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alianza kujijengea ogani nyumbani kwa mikono yake mwenyewe, na hakuacha kuiongezea maisha yake yote, mpaka ikawa na kibodi nne. Watoto walikua wakikanyaga vumbi la mbao na kuruka mabomba yaliyolazwa sakafuni yakingoja zamu yao.

Walikuwa wanne. Jehan, wa kwanza, alizaliwa 1911. Akafuata Marie-Odile mwaka 1914, halafu Olivier mwaka 1918, na Marie-Claire ndiye kitindamimba. Jehan akawa mtunzi. Marie-Odile alikuwa mwimbaji wa soprano. Alifariki mwaka 1937 kwa ajali milimani. Olivier akawa mpiga piano, mtunzi na mtaalamu wa historia ya muziki. Marie-Claire alipokuwa na miaka 11 tayari alikuwa akimshikia baba nafasi kwenye ogani ya parokia.

Wengi wakisikia hivyo husema, “Basi, kipaji cha kuzaliwa.” Sikatai kipaji. Ila mtoto aliyeona bomba likikatwa, likijaribiwa na kunyamazishwa likikataa kulia sawasawa, anaijua ogani kwa namna ambayo sisi tuliokutana nayo ukubwani tunaitafuta kwa jasho.

Ogani hiyo ya nyumbani haikupotea. Leo iko katika kijiji cha Romainmôtier nchini Uswisi, na bado inapigwa.

Kwa nini Jehan hutajwa kila mara dada yake anapotajwa?

Kwa sababu sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu Jehan tunayajua kupitia dada huyu.

Jehan Alain aliishi miaka 29 tu. Alisoma katika Konsevatuari ya Paris, chuo cha muziki cha taifa, akapiga ogani katika kanisa la Maisons-Laffitte na pia katika sinagogi moja la Paris, akaoa, akapata watoto watatu, na katika muda wa miaka kumi hivi akatunga kazi nyingi za ogani, piano na sauti. Muziki wake haufanani na wa mtu mwingine. Una mdundo unaokwenda na kurudi, una nyimbo za kale za Kanisa, una masikio yaliyofunguka kwa muziki wa nje ya Ulaya. Vita vilipoanza alikuwa askari, mpeleka ujumbe kwa pikipiki. Tarehe 20 Juni 1940, karibu na Saumur, alikutana na kikosi cha Wajerumani, akapigana peke yake hadi akauawa. Siku mbili baadaye Ufaransa ilitia saini mkataba wa kusitisha vita.

Marie-Claire alikuwa na miaka 13. Kaka aliacha rundo la nota zilizoandikwa kwa mkono, mara nyingi kipande kimoja kikiwa na nakala zaidi ya moja zisizokubaliana: hapa mwendo tofauti, pale rejista tofauti, kwingine nota yenyewe tofauti. Dada alizipiga nota hizo maisha yake yote na kuzirekodi zaidi ya mara moja. Na kila nakala mpya ilipojitokeza alikuwa tayari kubadilisha alichokuwa akikipiga, hata kama dunia nzima ilishazoea kukisikia vile vya awali. Mwaka 2001 alichapisha maelezo yake ya kina kuhusu nakala hizo, ili mpigaji yeyote ajionee tofauti na kuamua mwenyewe.

Fikiria uaminifu huo. Ni yeye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kusema “kaka yangu alitaka hivi,” na mjadala ukaisha. Badala yake akaweka ushahidi mezani.

Alisomea wapi, na nani alimfundisha?

Aliingia Konsevatuari ya Paris mwaka 1944. Upatanisho wa sauti alifundishwa na Maurice Duruflé, kontrapunti (ufundi wa kufuma mistari kadhaa ya muziki pamoja) na fuga (kipande ambamo sauti hupokezana wazo moja) na Simone Plé-Caussade, na ogani na Marcel Dupré. Alitoka na zawadi nne za kwanza. Katika mfumo wa Ufaransa, zawadi ya kwanza ni daraja la juu la kumalizia somo, na watu kadhaa wanaweza kuipata mwaka mmoja.

Kuhusu Dupré inafaa kusema zaidi kidogo, maana bila yeye huwezi kuelewa alichokifanya mwanafunzi wake baadaye. Mwaka 1920 Dupré alipiga kazi zote za ogani za Bach kwa kichwa, bila nota, katika maonyesho kumi. Alikuwa mpiga ogani wa Saint-Sulpice, lile kanisa la Paris lenye ogani ya kibodi tano iliyokamilishwa na Aristide Cavaillé-Coll mwaka 1862. Katika darasa lake mwanafunzi alipaswa kuwa na vipande vya ogani kichwani, na alipaswa kutunga papo kwa papo. Unapewa mada, unakaa, unaijenga fuga hapohapo ukiwa unapiga. Hata nidhamu ya vidole ilikuwa na sheria. Nota ziunganishwe kabisa, bila upenyo, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Na nota ikirudiwa, ya kwanza ikatwe kwa kipimo kinachohesabika, kwa kawaida nusu ya thamani yake.

Sheria hizo si za bure. Ndani ya kanisa kubwa lenye mwangwi mrefu, nota zisizopimwa hugeuka ukungu. Dupré aliwapa wanafunzi wake usafi wa kupiga ambao uliwafaa popote. Lakini alimpiga Bach wa 1720 kwa sheria zilezile alizompigia mtunzi Mfaransa César Franck wa 1890, na hapo ndipo kizazi kilichomfuata kilipoanza kuuliza maswali.

Alianzaje kujulikana?

Mwaka 1950 alipata zawadi ya pili katika mashindano ya kimataifa ya Geneva. Mwaka huohuo dunia ilikuwa ikiadhimisha miaka 200 tangu Bach afariki, na santuri za muda mrefu zilikuwa zimeingia sokoni. Kwa mara ya kwanza kipande cha dakika 15 kiliweza kusikika bila kugeuza santuri katikati. Kampuni ya Erato ilianzishwa Ufaransa mwaka 1953, na Marie-Claire akawa miongoni mwa wasanii wake wa mwanzo. Alirekodi ogani peke yake, alirekodi na tarumbeta ya Maurice André, na alirekodi konseto za Handel, yaani vipande vya ogani na okestra, na okestra ya Jean-François Paillard. Familia isiyowahi kukanyaga kanisa lenye ogani iliweza kuisikia ikiwa sebuleni.

Kwa nini arekodi Bach wote mara tatu? Mara moja haitoshi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalolipenda.

Mara ya kwanza alianza mwaka 1959 na kumaliza katika miaka ya 1960. Alikwenda Skandinavia, Denmark na Uswidi, ambako mafundi wa kampuni ya Marcussen walikuwa wakijenga ogani mpya kwa kanuni za zamani: kibodi inayoungana na vali kwa vijiti vya mbao badala ya umeme, na sauti angavu zinazotenganisha kila mstari wa muziki. Kwa mtu aliyelelewa kwenye ogani nene za Kifaransa za karne ya 19, huo ulikuwa mshtuko mwema. Kwenye mashine kama hiyo kidole kinaihisi vali inapofunguka. Unaweza kuifungua taratibu au kwa ghafla, na sauti inakufuata. Ukiunganisha kila nota kama ulivyofundishwa Paris, muziki unakosa pumzi. Mashine yenyewe inakuambia.

Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Katikati ya hapo alikuwa amesoma vitabu vya kale vya walimu wa karne ya 17 na 18, wanaoeleza vidole gani vitumike, urembo wa nota upigwe vipi, rejista zipi ziunganishwe. Vidole vya kale havikutumia dole gumba kama tunavyolitumia sisi. Mkono ulihama kwa makundi madogo, na kila ulipohama uliacha upenyo mdogo. Ukizipiga nota za Bach kwa vidole hivyo, zinajigawa zenyewe kuwa silabi. Sikiliza rekodi ya kwanza na ya pili ya kipande kimoja na utausikia mgawanyo huo umekua.

Mara ya tatu, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, alizifuata ogani zenyewe za enzi ya Bach, kazi za mafundi kama Arp Schnitger na Gottfried Silbermann, zilizokuwa zimekarabatiwa kurudi karibu na hali yake ya awali. Ogani ya Silbermann katika kanisa kuu la Freiberg, Ujerumani, ilimalizika mwaka 1714, Bach akiwa hai na akiwa na miaka 29. Kwenye chombo cha namna hiyo hupigi kama unavyotaka wewe tu. Kibodi ni fupi kuliko za leo, kanyagio za miguu zimekaa vingine, upepo unatikisika kidogo ukibonyeza nota nyingi kwa pamoja, na rejista hazibadilishwi kwa kitufe. Lazima zivutwe kwa mkono. Kipande ambacho mtu amekuwa akikibadilishia rangi mara sita kinaanza kuonekana kwamba kiliandikwa kwa rangi moja, mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hakurekodi kitu kimoja mara tatu. Alirekodi alichokijua mwaka 1959, alichokijua miaka 20 baadaye, na alichokijua alipokaribia miaka 60 na kuendelea. Msanii mwenye jina kubwa ana kila sababu ya kulinda rekodi yake ya kwanza, iliyompa hilo jina. Yeye aliiacha iendelee kuuzwa na akaenda kupiga vingine. Mimi nafundisha watu wazima waliopiga kinanda miaka mingi, na najua ilivyo vigumu kwa mpigaji anayesifiwa kukubali kubadilisha hata kidole kimoja. Ndiyo maana namheshimu kuliko wengi waliokuwa na kasi zaidi yake.

Siku ya onyesho mpiga ogani wa tamasha hufanya nini?

Onyesho lenyewe ni saa moja na kitu. Kazi iko kabla yake.

Msanii mgeni hufika siku moja au mbili mapema. Anafungua rejista moja baada ya nyingine, anasikiliza kila moja peke yake, halafu mbili mbili. Jina lililoandikwa kwenye kishikio halitoshi: rejista zenye jina moja katika miji miwili zinaweza kuwa na sauti zisizojuana. Baada ya hapo anapanga kipande kwa kipande, anaandika kwa penseli kwenye nota: hapa ongeza hii, pale ondoa ile. Kwenye ogani za kale hana mikono ya kutosha, hivyo husaidiwa na msaidizi mmoja, pengine wawili, wanaovuta vishikio na kufungua kurasa. Msaidizi akichelewa nusu sekunde, kanisa zima linasikia.

Kisha kuna suala la chumba. Pale alipokaa mpigaji, sauti si ile inayowafikia watu chini. Mwenzake hukaa kwenye kiti na kupiga, yeye anashuka na kutembea katikati ya mabenchi akisikiliza kama besi imemeza sauti ya juu. Kanisa tupu lina mwangwi mrefu kuliko kanisa lililojaa, basi hata baada ya hapo anatakiwa kukisia. Joto nalo lina neno: hewa ikipanda joto, mabomba mengi hupanda sauti, lakini yale yenye ulimi wa shaba hubaki nyuma, na ogani iliyokuwa sawa asubuhi huanza kugombana jioni.

Mazoezi haya hufanyika pale kanisa linapokuwa wazi: kati ya misa, kati ya watalii, mara nyingi usiku. Na saa ya onyesho ikifika, katika makanisa mengi msanii yuko juu nyuma ya watu. Hawamwoni hata uso.

Alikuwa mwalimu wa namna gani?

Alianza mapema kufundisha wageni. Kuanzia mwaka 1956 hadi 1972 alifundisha katika darasa la kiangazi la Haarlem, Uholanzi, mahali ambapo wapiga ogani vijana walikutana na ogani za kale ana kwa ana. Baadaye, kuanzia mwaka 1978 hadi 1994, alikuwa mwalimu katika konsevatuari ya Rueil-Malmaison, mji mdogo jirani na Paris. Mji huo ukawa kituo ambacho vijana walivuka bahari kukifikia. Orodha ya waliopita mikononi mwake ina Daniel Roth, aliyekuja kuwa mpiga ogani wa Saint-Sulpice. Guy Bovet wa Uswisi. Margaret Phillips wa Uingereza. James David Christie na George C. Baker wa Marekani. Na Helga Schauerte-Maubouet, ambaye naye amefanya kazi kubwa ya kuhariri nota za Jehan Alain.

Ukiwasikiliza watu hawa wakipiga, hawafanani. Hilo kwangu ndilo cheti cha mwalimu. Alichowapa ni utaratibu wa kuuliza kabla ya kupiga: nani alitunga, ogani yake ilikuwaje, walimu wa enzi hizo waliandika nini, kipande kimejengwaje, na chombo kilicho mbele yangu leo kinaruhusu nini. Majibu yakibadilika, upigaji unabadilika. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha huku akijirekebisha hadharani kwenye rekodi zake, na mwanafunzi anajifunza mengi kwa kumwona mwalimu akirudi kwenye nota aliyoizoea.

Hakuwahi kuwa profesa wa ogani katika Konsevatuari ya Paris, ile ya kitaifa?

Hapana. Dupré alipoacha darasa la ogani na kuwa mkurugenzi mwaka 1954, darasa lilikwenda kwa Rolande Falcinelli, naye alilishika kwa miongo mitatu. Waliomtaka Marie-Claire walimfuata alipokuwa.

Kuwa mwanamke kulimzuia?

Hakuwa wa kwanza kufungua njia, na hilo halisemwi vya kutosha. Jeanne Demessieux (1921–1968), naye mwanafunzi wa Dupré, alikuwa mpiga ogani wa parokia mjini Paris tangu alipokuwa na miaka 12, na alikuwa akijaza kumbi kabla Marie-Claire hajamaliza shule. Falcinelli alikuwa kwenye ogani ya Sacré-Cœur. Ufaransa ya wakati ule ilikuwa na wanawake hodari kwenye ogani. Marie-Claire aliolewa, akalea watoto wawili, na akaendelea na safari za maonyesho kwa zaidi ya nusu karne.

Alitunga muziki wake mwenyewe?

Hakujulikana kwa utunzi. Katika nyumba ile, utunzi ulikuwa wa baba na kaka zake. Yeye alichagua kuwapigia watu kazi za wengine.

Kwa nini mtu wa hadhi yake aliendelea kupiga parokiani?

Baba yake alikuwa mpiga ogani wa Saint-Germain-en-Laye tangu mwaka 1924 mpaka alipofariki 1971. Binti akachukua kiti, akakaa karibu miaka 40. Baba na mtoto kwa pamoja wanakaribia miaka 90 kwenye benchi moja.

Sababu ya kidini ipo na siwezi kuisemea kuliko yeye. Ya kimuziki naifahamu, kwa sababu kila mpiga kinanda wa kwaya anaifahamu. Kusindikiza watu wanaoimba kunakufundisha kupumua. Waumini wakifika mwisho wa mstari wanavuta pumzi, na ukiwahi wewe, wimbo unavunjika. Sehemu kubwa ya muziki wa ogani wa Bach imejengwa juu ya nyimbo ambazo watu wa kawaida waliziimba kwenye ibada. Mpigaji aliyezisindikiza Jumapili kwa Jumapili anajua mstari unaishia wapi hata pale Bach alipoufunika kwa nota mia.

Mimi napiga kinanda cha umeme kwenye kwaya ya jumuiya. Nichukue nini kwake?

Kwanza, jifunze kusoma nota za mistari, si sol-fa peke yake. Sol-fa imezilea kwaya zetu na nitaitetea popote, ila muziki huu haukuandikwa kwa sol-fa. Walimu wapo: Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, karibu na Arusha Chuo Kikuu cha Makumira kinafundisha muziki kwa ngazi ya shahada, na mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, hufanyika katika nchi zetu.

Pili, chukua wimbo mmoja unaoujua tangu utotoni, upige kila sauti peke yake huku ukiiimba nyingine: piga besi, imba ya kwanza, piga tenor, imba alto. Wapigaji wengi hawajawahi kuisikia tenor yao. Ukisali kwa Walutheri, anza na wimbo wa Martin Luther wa Mungu kuwa ngome, halafu tafuta kipande cha Bach cha ogani juu ya wimbo huohuo, BWV 720 (BWV ni namba ya kipande katika orodha ya kazi za Bach). Utausikia wimbo wa kwenu ukitembea kutoka mkono huu hadi ule.

Tatu, rekodi unachokipiga leo kwa simu, kihifadhi, kirekodi tena mwakani bila kusikiliza cha kwanza, kisha uvisikilize pamoja.

Nianze kusikiliza wapi?

Anza na *Litanies* ya Jehan, iliyotungwa mwaka 1937, kama dakika nne tu. Wazo moja fupi linarudiwa na kurudiwa mpaka ogani yote inawaka. Ni sala ya mtu aliyeishiwa maneno lakini hajaacha kuomba. Halafu *Le jardin suspendu* ya mwaka 1934, yenye sauti za chini na utulivu, ili ujue kwamba ogani haipigi kelele tu.

Baada ya hapo Bach, Passacaglia katika C ndogo (C minor), BWV 582. Besi inaanza peke yake miguuni, mizani minane, kisha inarudi tena na tena huku mikono ikiijengea juu yake. Isikilize katika seti yake ya kwanza na ya tatu, siku moja, kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu spika ya simu haiifikishi besi na hapa besi ndiyo wimbo wenyewe. Ukitaka kupumzika, weka konseto za Handel na okestra ya Paillard. Kisha mfuate César Franck, na hapo utamsikia akiunganisha nota kama Dupré alivyomfundisha, maana kwa muziki huo mwalimu wake alikuwa sahihi.